Gari Linalopozwa na Mwendo

Kila gari la Vedasto lilipopiga chafya, Bibi Leonida aliitikia, "Afya." Hakuwa anatania. Alilelewa hivyo, kwamba anayepiga chafya haachwi bila jibu, na hakuona kwa nini gari liachwe.

Vedasto, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba ile si chafya. Ni hewa iliyobanwa na turbo. Dereva akiachia mafuta ghafla, hewa inakosa pa kwenda, inatolewa nje kwa tundu dogo pembeni mwa injini: pshiii. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hata chafya ya mtu iko hivyo hivyo.

Gari lenyewe lilikaa uani kwake, Rhotia, chini ya banda lililokuwa la ng'ombe. Ng'ombe walihamishiwa upande unaopigwa na upepo, na mmoja wao, Sikujua, alikuwa hajasamehe. Lilikuwa gari la buluu, fupi, limeinama mbele kama kuku anayedonoa. Kazi ya Vedasto ya kila siku ilikuwa kutengeneza magari ya watalii pale Karatu mjini, Land Cruiser zilizochoshwa na mashimo. Hizo zilikuwa za tumbo. La buluu lilikuwa la moyo. Alikuwa ameiongezea turbo presha, akapanga upya hesabu za injini kwa kompyuta, na kwa kuwa nguvu nyingi huja na joto jingi, akafunga intakula kubwa kule mbele, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Intakula ilikula nafasi yote. Ikabidi aiondoe feni kubwa ya rejeta ya maji, aweke mbili nyembamba.

"Na hizo nyembamba zinatosha?" Bibi aliuliza, maana alimwona anazifunga bila kupiga mluzi.

"Zinatosha likiwa linakimbia, Bibi. Hili gari linapozwa na mwendo. Upepo wa mbele ndio feni yake."

"Na likienda polepole?"

"Halikutengenezwa kwenda polepole."

Bibi Leonida alilichukua jibu hilo akaliweka mahali, kama mtu anavyoweka kamba ambayo haijapata mzigo.

Mwaka huo Vedasto alipata mchumba, Seenoi binti Metui, kutoka Nainokanoka kule juu ya hifadhi. Alikuwa amesoma sekondari Karatu na sasa alikuwa muuguzi wa zahanati. Mzee Metui hakuwa na neno na kijana. Neno alikuwa nalo na gari. Siku aliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza lilimpigia chafya karibu na goti, akarudi hatua moja, akauliza mafua hayo limeanza lini.

Mambo ya posa yalipokwisha, alimwita Vedasto pembeni, mbele ya Bibi Leonida ili awepo wa kusikia.

"Binti yangu akitoka bomani hageuki nyuma," alisema. "Hilo ni lake, analijua. La kwako ni hili. Gari lako haliwezi njia yetu ya juu, nimeliona, tumbo linagusa chini. Basi mimi nitamleta mpaka lango la Lodoare, hifadhi inapoishia. Kutoka langoni mpaka mlango wa bibi yako, atapanda gari moja. Hashuki njiani, hahamishwi kama gunia la viazi. Likilala njiani, nitajua Mungu amesema. Ataenda kwa shangazi yake hapo Karatu, na kesho yake kanisani kwenu, badala ya ndoa, mtaimba nyimbo nyingine."

"Halitalala, baba."

"Punda wangu hakuwahi kuahidi," Mzee Metui akasema. "Na hakuwahi kulala."

Siku ilipofika, Bibi Leonida alikuwa langoni tangu asubuhi, amevaa sweta mbili na kilemba cha kanisani, amesimama kando ya gari lililooshwa mpaka likawa linatia aibu ya kuliegemea. Ukungu ulikuwa bado umelalia miti. Land Cruiser ya wakwe ikashuka kutoka juu. Wakatoka wazee, akatoka Koko Naishorua, bibi yake Seenoi, fimbo yake ikimtangulia. Mwisho akatoka Seenoi, shanga zikimfunika kutoka masikioni mpaka kifuani, anatazama mbele tu kama alivyofundishwa.

Na kikatoka kiroba cha majani.

Kwa wakwe wale, majani mabichi ni amani, ni mvua, ni ng'ombe walioshiba. Yakishawekwa kwa baraka, hayang'olewi wala hayatupwi na mkono wa mtu. Yaliletwa kutoka Nainokanoka kwa sababu yale ya Karatu, walisema, yamekaa karibu mno na lami. Kazi ya kuyaweka alipewa mzee Lekoko, aliyekuwa na subira ya mshona shanga. Alipiga magoti mbele ya gari akayachomeka shada kwa shada kwenye shoo, ule wavu wa mbele unaopitisha hewa kwenda kwenye intakula na rejeta. Hakuacha tundu. Pale palipobaki na mwanya mwembamba, aliusukuma unyasi mmoja mmoja kwa kidole.

Vedasto alisimama akitazama kama mtu anayeona pua yake inazibwa.

"Mzee wangu, hata kidogo yanatosha," alisema.

"Baraka haipunjwi," Lekoko akajibu, akaomba aongezewe.

Bibi Leonida alimwona mjukuu wake anafungua mdomo, anaufunga. Kisha akasema, "Ashe oleng, mzee," akamshika mkono kumwinua. Kijana aliyelala chini ya gari hilo miezi na miezi ili lipumue vizuri, na sasa anamshukuru anayeliziba. Bibi aliliona hilo, akamwekea moyoni.

Mzee Metui alimnyunyizia binti yake maziwa kichwani, akalinyunyizia na gari kwenye boneti, kwa kuwa halikuwa na kosa bado. Wakapanda. Vedasto kwenye usukani, Bibi Leonida pembeni yake, nyuma Seenoi na Koko. Wazee wakafuata na Land Cruiser yao.

Kutoka langoni kushuka kuja Karatu hapakuwa na shida. Barabara ni lami na mteremko, gari likakimbia, na upepo kidogo ukapata njia ya kupenya kwa chini. Mshale wa joto, kwenye saa ndogo aliyoifunga Vedasto juu ya dashibodi, ulitulia. Walipokata kona gari likapiga chafya.

"Afya," akasema Bibi Leonida.

Koko Naishorua akauliza jambo kwa Kimaa, lugha yao. Seenoi akamjibu, na Koko akaitikia kwa kichwa akiridhika.

"Ameuliza nini?" Bibi akataka kujua.

"Ameuliza ni nani mnayemwitikia. Nimemwambia ni gari. Amesema nyumba yenye heshima."

Karatu mjini walikuwa wanasubiriwa na matarumbeta juu ya pikapu ya Isaya, rafiki wa Vedasto. Isaya alikuwa ameombwa mapema aende mwendo wa kueleweka. Lakini watu wa Karatu wakisikia matarumbeta huingia barabarani badala ya kutoka. Wauza ndizi wakaja, bodaboda wakaja wakizunguka kama nyuki, watalii wakashuka kwenye magari yao na kupiga picha. Msafara ukawa unatembea kwa mguu wa mtoto.

Mshale ukaanza kupanda. Vedasto akampigia Isaya simu.

"Isaya, ongeza mwendo."

"Waongeze nini?"

"Mwendo."

"Sawa," akasema Isaya, na matarumbeta yakaongezeka sauti.

Vedasto akaiweka simu chini taratibu. "Bibi," alisema, "samahani, nafungua hita."

"Kwani umesikia baridi?"

"Hapana. Hita inachukua joto la injini inalileta humu ndani. Tukilibeba sisi, injini inapata nafuu."

"Tulibebe," akasema Bibi Leonida, akavua sweta ya kwanza.

Joto likaja kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Bibi akavua sweta ya pili, akailaza juu ya magoti, na hakusema kitu, kwa sababu mgeni wa siku ya kwanza halalamikiwi mbele yake na mwenyeji naye halalamiki mbele ya mgeni. Jasho lilimtiririka Vedasto kwenye tai. Nyuma, shanga za Seenoi zilikuwa zinameta. Bibi aliogopa kugeuka amtazame Koko.

Koko Naishorua ndiye aliyesema, kwa Kimaa, tena kwa kirefu.

"Koko anasema ashe," Seenoi akatafsiri, anajipangusa kidevu. "Anasema kwetu baridi inalala kwenye mifupa, na tangu azaliwe hajapanda gari la mtu aliyewafikiria wazee. Anauliza kama nyumbani kwenu ni hivi hivi."

"Mwambie tutawasha moto," Bibi akajibu.

Walipoacha maduka ya mwisho, barabara ikielekea Rhotia, Bibi alisikia harufu ya mboga inayochemka. Alitafuta kwa macho ni nani anapika karibu na barabara, asione nyumba. Harufu ilikuwa inatoka mbele ya gari. Majani ya Nainokanoka yalikuwa yanaiva.

Vedasto akainamisha kichwa upande wa bibi yake, akasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, polepole, kama anasema habari za mvua, ili wageni wasielewe: "Bibi, gari linakufa. Likipanda kilima cha nyumbani, linazimika."

Bibi Leonida alitazama barabara. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kijana pale kwenye gia, mkono wenyewe ulikuwa wa moto.

"Simamisha," akasema Seenoi.

Alisema kwa Kiswahili na kwa sauti. Vedasto akamtazama kwenye kioo.

"Simamisha gari. Mimi siendi."

Wakasimama kando. Pikapu ya Isaya iliendelea mbele na matarumbeta yake, ikafika mbali kabla ya mtu kugundua kwamba inasindikiza hewa. Land Cruiser ya wazee ikasimama nyuma. Vedasto aliiacha injini ingurume kidogo bila kukanyaga mafuta, kwa sababu turbo haizimwi ghafla, kisha akazima. Feni zake nyembamba zikabaki zinazunguka, zinafanya zilichoweza.

Koko Naishorua aligonga fimbo kwenye sakafu ya gari. Alikuwa anacheka.

"Anasema alikuwa ameanza kunionea aibu," Seenoi akaeleza. "Bibi harusi wa kwetu hatembei tu kama maji. Anasimama njiani, anakataa, mpaka wakwe wamwahidi mnyama. Koko anasema yeye alisimama kila penye mto."

Mzee Metui akaja dirishani, akaona binti yake ameketi amekunja uso, akatulia. "Amekumbuka," alisema, akarudi kwa wenzake kuwaambia. Walikaa kwenye nyasi wakafurahi.

Ilikuwa kazi ya Bibi Leonida sasa, maana ndiye mkubwa wa upande ule. Ng'ombe wake walikuwa hawazidi vidole vya mkono, na kondoo wachache.

"Mwanangu," alisema, "twende nyumbani. Nakupa kondoo."

"Kondoo yupi, Bibi?"

"Mwenye doa jeusi."

"Doa liko wapi?"

"Shingoni."

"Upande gani wa shingo?"

Bibi akageuka ajibu, akaona. Seenoi hakuwa anamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la Vedasto, yako kwenye ule mshale. Na mshale ulikuwa unashuka, kidogo kidogo, kama mtu mzito anayeshuka ngazi. Msichana alikuwa amesoma Karatu miaka yote ile, madawati ya darasa yamejaa watoto wa Kiiraqw. Alikuwa ameelewa kila neno la Vedasto.

"Upande wa kulia," Bibi akajibu, naye sasa hana haraka. "Lakini kuna jingine dogo, kwenye mguu wa nyuma. Ngoja nikueleze lilivyo."

Alieleza mpaka mshale ukafika mahali pazuri. Seenoi akakubali kondoo. Wakaenda.

Haikuchukua muda mshale ukarudi juu, na Seenoi akasimamisha tena. Safari hii alipewa ndama, na ndama alielezwa ukoo wake wote, mama yake na bibi yake na mwaka ambao bibi yake alivunjika pembe. Koko aliomba sehemu ya pembe irudiwe. Vedasto alishika usukani kwa mikono miwili. Mara moja alimtazama mchumba wake kwenye kioo, na Bibi akajifanya anatafuta leso.

Kusimama kwa tatu kulikuwa chini ya kilima cha nyumbani, pale barabara ya udongo inapoiacha lami. Kutoka hapo bati la nyumba ya Bibi linaonekana. Wageni walikuwa wamejaa uani, na moshi wa mapishi ulikuwa juu. Ni kupanda tu. Lakini Seenoi aliponyamaza kusubiri, mshale haukushuka. Majani yalikuwa yameshonana na kukauka kama chapati iliyosahaulika, na hata upepo wa kilimani uliyagonga ukarudi. Uzi wa mvuke ukatoka kwenye ukingo wa boneti.

Mzee Metui alikuja, safari hii hakwenda dirishani. Alikwenda mbele. Aliutazama mvuke, akamtazama Vedasto kupitia kioo.

"Kijana," alisema, "hivi ni binti yangu anayesimama, au ni gari?"

Vedasto aliteremsha kioo. Angeweza kusema uongo. Bibi alimwona anautafuta, anauacha.

"Baba," alianza.

"Nataka ng'ombe," Seenoi akasema kutoka nyuma. "Mkubwa. Na huyu sitaki kuambiwa, nataka nimwone kwa macho. Nikimwona ndiyo nitapanda kilima."

Mbele ya neno hilo hata baba hana la kuongeza. Lakini Mzee Metui hakuondoka pale mbele ya gari.

Ng'ombe wa Bibi Leonida walikuwa wanachungwa siku hiyo na jirani yake Patrisi, kandokando ya shamba la mahindi, si mbali. Patrisi alikuwa amejitolea mwenyewe ili watu wa nyumbani wawe huru na harusi, na alikuwa ameikosa supu. Bibi akatoa kichwa dirishani.

"Patrisi, mlete Sikujua."

"Sikujua mwenyewe?" Patrisi akauliza, maana alijua ndiye mwenye maziwa.

"Mwenyewe."

Sikujua alikuja bila kamba, mkubwa, mwekundu, ana tabia ya kutazama watu kama wamechelewa. Patrisi alimleta usawa wa dirisha ili bibi harusi amwone. Lakini Sikujua alisimama kabla ya kufika. Pua yake ilifunguka. Alikuwa analijua gari lile, lilimtoa bandani mwake. Hakuwa amewahi kulisikia linanukia hivi. Akampita Mzee Metui kama nguzo, akashusha kichwa kwenye shoo, akang'oa shada la kwanza la baraka akalitafuna.

Bibi Leonida alishika mlango ili atoke akamzuie. Fimbo ya Koko ikamgusa begani kutoka nyuma. Koko alisema neno moja.

"Mwache," Seenoi akatafsiri, ingawa halikuhitaji.

Wazee wakakusanyika. Hakuna mkono wa mtu uliogusa yale majani. Mzee Lekoko, aliyeyachomeka, alikunja mikono nyuma akatazama kazi yake ikiliwa, uso wake umejaa heshima. Majani yaliyotoka bomani kwa bibi harusi, yanaliwa na ng'ombe wa bibi harusi, kwenye njia ya kwenda kwake. Mzee Metui alivua kofia. Alisema kwa Kimaa maneno machache, na wengine wakaitikia kila alipopumua.

Sikujua hakuacha kitu. Alipomaliza mashada akaingiza ulimi kwenye matundu, akatoa unyasi mmoja mmoja ambao Lekoko aliusukuma kwa kidole. Mwisho akakiramba chuma, kikamuunguza, akarudi nyuma akaliangalia gari kwa chuki ileile ya zamani.

Upepo wa kilimani ukapita. Feni nyembamba zilibadilisha sauti, zikawa zinavuta kitu. Ndani ya gari watu wanne walitazama mshale mmoja. Ulisita, kisha ukaanza kushuka.

"Nimemwona," akasema Seenoi. "Ni mzuri. Twende."

Isaya alikuwa amegeuza pikapu akirudi kuwatafuta, lakini Vedasto hakumsubiri. Aliwasha, akaliacha lipumue, akakanyaga. Bibi Leonida alishika kilemba. Gari lilipanda kile kilima kwa mluzi mwembamba wa turbo, kuku wakatawanyika, wapishi wakaacha miko juu, na lilipofika uani Vedasto akaachia mafuta.

Pshiii.

"Afya," akasema Koko Naishorua.

Seenoi alishuka mbele ya mlango, mguu wa kulia kwanza, bila kugeuka nyuma. Mzee Metui alifika baadaye na wenzake, akalizunguka gari mara moja, akaweka mkono juu ya boneti ya moto, akauondoa.

"Ni gari zuri," alimwambia Vedasto. "Ila lisitoke bila ng'ombe."

"Sawa, baba," Vedasto akajibu, na watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alikuwa anamaanisha.

Jioni, wageni wakiwa wanakula na Koko amekalishwa karibu kabisa na moto kama alivyoahidiwa, Bibi Leonida alimkuta Seenoi jikoni anamtengea Patrisi supu aliyoikosa. Hakuna aliyemtuma. Bibi alisubiri amalize kuchota.

"Mwanangu," alisema. "Yule kondoo. Ulimtaka kweli, au alikuwa wa gari?"

Seenoi alifikiri.

"Kondoo alikuwa wa gari, Bibi."

"Na Sikujua?"

"Sikujua naye wa gari. Abaki na wewe, mimi nitamkamua tu."

"Na ndama?"

Seenoi alifunika bakuli la Patrisi kwa sahani, akahakikisha limekaa sawa.

"Ndama nilimtaka," alisema.